Viganja vya Maduhu

Michembe ikichemshwa na karanga hutoa harufu ya utamu na vumbi kwa pamoja, kama ukuta wa udongo ulionyeshewa mvua ya kwanza. Tuliokua pamoja huku tunaijua. Viazi vitamu vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa juu ya mwamba mpaka vinakuwa vigumu kama magome, halafu ndiyo chakula cha kiangazi kizima. Wenzangu wa umri wangu wakiinusa wanawakumbuka mama zao. Mimi shingo inaanza kuniuma.

Juzi niliinusa msibani kwa Lutonja. Jirani mmoja alikuwa ameinjika sufuria pembeni kwa ajili ya wazee wasio na meno. Nilikaa mkekani na akina mama wenzangu, nimeelekeza mwili wote upande wa spika, kwa sababu mimi shingo yangu haigeuki peke yake. Nikitaka kutazama kulia nageuka mzima, mabega na kiuno, kama fisi. Shuleni waliniita hivyo, Mbiti, ndiyo fisi kwa Kisukuma, mpaka nikaacha shule nikiwa darasa la nne. Kijana aliyeshika kipaza sauti alikuwa anasoma wasifu wa marehemu. Akasema, "Mzee wetu alikuwa mlezi wa vipaji. Watoto wengi wa hapa Samuye wamejifunza sarakasi mikononi mwake."

Mikononi mwake. Mama aliyekaa pembeni yangu akanigusa goti.

"Si na wewe ulikuwa mtoto wake, Mama Shija?"

"Nilikuwa."

"Mungu amlaze pema. Alikuwa na mkono wa watoto, yule."

Najua kwetu marehemu hasemwi, nimelelewa hivyo na wanangu nimewalea hivyo. Lakini wao wamemsema, tena kwa spika mbili zilizofungwa juu ya nguzo, kijiji kizima kinasikia, na walichosema ni uongo. Basi na mimi nitamsema. Mikono wanayomsifia haikuwa yake. Ilikuwa ya Maduhu.

Maduhu alikuwa mbebaji wa marobota kwenye jineri, kule pamba inakotenganishwa na mbegu na kufungwa. Msimu ukiisha alirudi Samuye kwa shangazi yake. Hana mke, hana ng'ombe, ana mabega tu na viganja vilivyokakamaa kama kwato. Lutonja alimwomba aje kwenye kikundi chetu cha ngoma awe anatudaka sisi watoto wa sarakasi. Lutonja ndiye alikuwa mwalimu wetu, tulimwita Kocha. Alikuwa amewahi kuwa kibarua kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, akaiona sarakasi huko, akarudi na suruali nyeupe na filimbi, na kijijini kwetu hiyo ilitosha kabisa.

Kikundi kilikuwa na wapiga ngoma, na mcheza nyoka, na wanaume wa kurusha majembe hewani, na mwisho kulikuwa na sisi watoto sita. Mchezo mkubwa ulikuwa mnara. Vijana watatu wanasimama bega kwa bega, wawili wanapanda mabegani mwao, na juu kabisa napanda mimi niliyekuwa mdogo kuliko wote. Ngoma zinanyamaza. Naruka kinyumenyume, nabinuka hewani mara moja, natua kwa miguu. Ukiwa pale juu unaona mpaka ndani ya mazizi ya watu, na upepo wa pale si ule unaowapiga walio chini.

Mazoezi tulifanyia nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, kwenye lundo la pumba. Pumba zinawasha. Zinaingia masikioni, zinaingia kwenye nywele, unalala nazo. Lakini ukianguka zinakupokea. Na nyuma yangu alikuwepo Maduhu. Kiganja kimoja chini ya mabega, kingine kiunoni, nami nikishuka naye anashuka, magoti yanakunjika kidogo kidogo mpaka miguu yangu iguse chini. Siku moja nilimuuliza kwa nini anachuchumaa vile kama mtu anayetafuta kuku.

"Robota hulidaki, mayu," akasema. Mayu ni mama; alituita hivyo wasichana wote hata tuwe wadogo namna gani. "Ukilidaka linakuvunja mkono. Unalipokea. Unakwenda nalo chini mpaka lichoke lenyewe."

Alikuwa na utaratibu wake, na huo naukumbuka kuliko sala. Mtoto mpya anashikwa kwa viganja viwili. Akizoea, kimoja. Akizoea zaidi, ncha za vidole tu. Mwisho anasimamiwa na kivuli: Maduhu yupo, mikono yake iko hewani, lakini hakugusi. Na kabla ya yote alituuliza mmoja mmoja tumekula nini. Kama jibu ni hatujala, siku hiyo haruki mtu, hata Lutonja apulize filimbi mpaka mashavu yapasuke.

Mimi nilikuwa bado kwenye viganja viwili. Wenzangu walikuwa wamefika kwenye kimoja, na mmoja wao kwenye vidole, na mimi ndiye niliyekaa juu ya mnara, ndiye watu waliyekuja kumwona. Nilivichukia viganja vile. Niliona wazi kabisa kwamba namaliza mwenyewe na huyu mtu ananipapasa mwishoni ili aonekane ana kazi. Kila nikitua niligeuka, enzi hizo shingo inageuka, nikamwambia, "Ningeweza mwenyewe."

Naye anasema, "Najua."

Kila siku hivyo hivyo. Ningeweza mwenyewe. Najua. Nikaamini anajua.

Sasa, tuliokulia huku tunayakumbuka mashindano ya baada ya mavuno. Vikundi viwili vinaalikwa uwanja mmoja, siku moja, wakati mmoja. Hawa huku, wale kule, na watu katikati. Hakuna jaji. Watu wanaamua kwa miguu yao: wakivutiwa na huku wanakuja, wakichoka wanavuka kwenda kule, na jua likizama upande wenye watu wengi ndio umeshinda. Aliyewahi kucheza anajua uchungu wa kuona migongo ya watu.

Siku ile sisi tuliiona. Nilipopanda mnara, kijana mmoja wa kundi la pili alikuja kati ya uwanja akiwa amembeba mwenzake mtu mzima mgongoni kwa kanga, kama mtoto mchanga, na mwingine nyuma yake amenyoosha viganja viwili, anatembea amechuchumaa kama Maduhu. Watu wakaangua kicheko.

"Mfungeni mbeleko kabisa," akapaza sauti. "Hako katoto kana meno? Au bado kananyonya?"

Nikaruka, nikatua, viganja vikanipokea. Hakuna aliyetazama. Watu walikuwa wanavuka. Nililia kwa hasira mpaka nikatapika, na hasira ile yote niliielekeza kwa Maduhu. Si kwa wale waliocheka. Kwa Maduhu.

Jioni wakubwa wakakaa. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Masele, mwenye lori. Sisi watoto tulikuwa tumelala juu ya ngozi karibu nao, wakidhani tumesinzia.

"Huyu mdakaji anatuharibia," Masele akasema. "Watu hawaji kumwona mtoto anadakwa. Wanakuja kwa sababu labda ataanguka."

Nasema tena, haya maneno niliyasikia kwa masikio yangu, na mtu aliyeyasema yuko hai, juzi msibani alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Maduhu akasema, "Minza bado." Minza ndiyo mimi.

"Bado nini?"

"Bado hamalizi."

Nikiwa pale chini nikakunja ngumi. Nikasema moyoni, ana wivu.

Lutonja alikaa kimya muda mrefu. Mimi huwa naurudia ukimya ule. Mtu akinyamaza hivyo huwa anajua jambo sahihi na anatafuta njia ya kulikwepa. Mwisho akasema, "Maduhu, pumzika kwanza. Nimezungumza na mtaalamu. Watoto watakingwa kwa dawa."

Mtu asiye wa huku atashangaa. Asishangae. Vikundi vyote vilikuwa na dawa, dawa ya kuvuta watu, dawa ya kuwachosha wapinzani, hilo lilikuwa la kawaida kama kukaza ngozi ya ngoma kwenye moto. Ila ndani ya dawa zote zile hakuna aliyewahi kumwondoa mtu wa kudaka akaweka dawa mahali pake. Hilo lilikuwa la Lutonja peke yake.

Tulichanjwa kiunoni, chale tatu kila mtoto, pale pale kiganja cha Maduhu kilipokuwa kinakaa. Unga mweusi ukasuguliwa. Lutonja akatuambia, "Hii ndiyo itakayowashika. Nayo ina uzuri mmoja, watu hawataiona." Tukacheka. Mimi nilifurahi kuliko wote. Mwiko wake ulikuwa mmoja: tangu jua lizame siku ya kuamkia mchezo, usile kitu chochote mpaka ushuke kwenye mnara. Ukila, dawa inakuachia.

Tukaanza mazoezi na dawa. Siku ya kwanza nilitua kwa magoti. Siku ya pili kwa makalio. Nikatua kwa bega, nikatua kwa mgongo, pumba zikanijaa mdomoni. Mtoto mmoja akauliza, "Kocha, mbona dawa haimshiki?"

Lutonja akasema, "Dawa hii inafanya kazi mbele ya watu. Haifanyi kazi mbele ya pumba."

Mwalimu gani anaona mtoto anaanguka siku nne mfululizo akatafuta neno la kumtetea mganga? Aliona. Alikuwa na macho mawili mazima. Alinipangusa pumba mwenyewe.

Wiki ile ile tukaalikwa Segese. Kule kulikuwa na wachimbaji, na wachimbaji wakipata huwa wanapenda ngoma. Tulisafiri na lori la Masele tangu kabla ya jua kutoka, tumekaa juu ya ngoma, tumbo tupu tangu jana yake. Mama alikuwa amenifungia michembe kwenye pindo la kitenge. Hakumwamini Lutonja hata siku moja, ila baba alikuwa amekwisha kubali na nyumbani kwetu baba akikubali limekwisha. Kwa hiyo mama hakusema. Alifunga michembe. Nikiwa kwenye lori njaa ilinibana, nikajifunika kitenge kichwani, nikaweka kipande kimoja mdomoni. Mchembe mkavu hautafuniki, unaumung'unya mpaka ulainike, na utamu unakuja polepole sana. Kipande kimoja tu. Nikavifunga vingine.

Segese ilikuwa nyeupe. Mashine za kusaga mawe, zile karasha, zilikuwa zinatimua vumbi pande zote, na wanaume waliotoka kwenye mashimo walikuwa weupe kama wamepakwa unga, macho tu ndiyo mekundu. Uwanja ulikuwa mahali walipomwaga mawe yaliyokwisha kusagwa, yakakanyagwa na magari mpaka yakashika kama sakafu. Lutonja alipapiga kwa kisigino. Nilimwona. Akatazama kisigino chake, akatutazama sisi, akapuliza filimbi.

Kundi la pili walikuwa na nyoka mkubwa kuliko wetu. Watu wakawa wanapungua upande wetu. Masele akaja mbio akasema, "Mpandishe mtoto. Sasa hivi."

Nikapanda. Kizunguzungu kilinishika kwenye bega la pili, nikashika kichwa cha yule kijana, kikapita. Nikasimama juu. Ngoma zikanyamaza. Nikaona watu wanaanza kurudi, uso baada ya uso, na katikati yao nikamwona Maduhu.

Sikujua amefikaje. Baadaye nilijua alikuja kwa baiskeli ya kuazima, aliondoka Samuye tangu jana yake. Alikuwa anapasua watu kwa mabega, ametanguliza mikono, anakuja kwangu. Masele na vijana wawili wakamdaka shati. Alikuwa anasema kitu, sikukisikia. Mimi nilichoona ni mtu anayekuja kuniaibisha tena. Niliona ile kanga ya mbeleko. Nikaona akifika tu watu watacheka na kuvuka.

Nikaruka kabla hajafika.

Sauti niliyoisikia ilikuwa kama mtu anavunja muwa. Halafu mdomo ukawa na ladha ya mawe. Nilikuwa natazama pembeni, naona viatu vya watu, nikasema, ngoja niinuke. Mikono haikuja.

Lutonja ndiye aliyefika wa kwanza. Alinishika chini ya makwapa, akaninyanyua mzima mzima, kichwa kikalala begani kama cha kuku aliyechinjwa, akaushika mkono wangu wa kulia akaupunga juu mara tatu. Watu wakapiga makofi. Waliokuwa wamevuka wakarudi mbio. Siku ile tulishinda.

Aliponiweka chini nyuma ya lori akainama sikioni. Hakuniuliza panauma wapi. Aliniuliza, "Umekula nini?"

Nami nilikuwa mtoto mkweli. Nikasema, "Michembe."

Nilimwona usoni. Alipumua kama mtu aliyetua mzigo.

Lori halikuondoka mpaka jua lilipozama, kwa sababu ushindi unahesabiwa jua likizama. Maduhu ndiye aliyekaa na mimi. Walipomwachia shati lilikuwa limechanika lote. Alilala kifudifudi kwenye bodi ya lori, akaweka viganja viwili huku na huku kichwani kwangu, akakishika hivyo. Njia nzima. Lori likiruka na yeye anaruka, kichwa changu hakiruki. Nilimwambia aniache, ananibana. Akasema, "Najua." Hospitalini muuguzi aliwauliza, "Nani kamshika huyu kichwa?" Wakamwonyesha. Akasema, "Aliyemnyanyua ndiye kamharibu hivi. Huyu ndiye kamwokolea miguu."

Hayo yalisemwa mbele ya baba, na baba akayasikia, na bado siku chache baadaye alitoa kondoo akampelekea Lutonja. Nasema kondoo. Kwa kuwa mtoto wake amekula, ameharibu dawa ya kikundi, amemwaibisha mwalimu. Mimi niko kitandani nimefungwa mifuko ya mchanga pande mbili za shingo, na baba yangu anakwenda kuomba radhi. Lutonja akampokea yule kondoo. Akamla. Mama hakupika michembe tena nyumbani kwetu, na sikumsikia akisema kwa nini.

Kwa miaka mingi niliijua orodha ya waliofanya kosa, nayo ilianza na jina langu. Minza aliyekula. Minza aliyeruka kabla ya wakati. Nililala nayo, nikaolewa nayo, nikazaa nayo. Mwanangu wa kwanza alipoanza kutembea nilimfuata nyuma nyumba nzima nimechuchumaa, watu wakanicheka, na mimi sikujua nimeutoa wapi ule mtindo.

Nilikuwa mtu mzima, nauza chakula kwa wachimbaji hapo hapo Segese, alipokuja mzee mmoja wa kubeba mifuko ya mawe kwenye karasha. Akaagiza wali. Nilimjua kwa viganja vilivyoshika sahani. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akanitazama nilivyogeuka mwili mzima kumwelekea, akaweka kijiko chini.

"Marahaba, mayu. Unakula siku hizi?"

Tukacheka kidogo. Nikakaa. Nikamwambia lililokuwa kooni kwangu tangu utoto, kwamba nilikula ule mchembe, ndiyo maana dawa ikaniachia. Aliniangalia kama naongea lugha ya watu wa mbali.

"Minza. Hata siku moja hukumaliza mwenyewe."

"Vipi?"

"Ulikuwa unaruka mfupi. Kiuno kinachelewa. Kila siku ulifika nusu, na mimi nakumalizia kwa mkono. Hata siku moja. Nilimwambia Lutonja mara tatu, mara ya tatu nilimwambia mbele ya mke wake. Alijua."

Walaji wengine wakawa wananiita, mama, mchuzi, mama, chumvi. Sikuinuka.

"Na mbona ulikuwa unaniambia unajua? Nikisema ningeweza mwenyewe, unasema najua."

"Nilijua unaamini," akasema. "Usingeamini usingeruka hata kwenye pumba. Kuamini ilikuwa kazi yako. Kujua ilikuwa kazi yetu sisi wakubwa."

Maduhu amekwisha kufariki. Tulimzika watu kumi na wachache, hakukuwa na spika.

Kwa hiyo orodha nimeiandika upya na naisoma hapa. Lutonja, aliyejua kwamba sijaweza, akapiga ardhi kwa kisigino akajua kwamba ni mawe, akapuliza filimbi. Masele, aliyetaka watu waje kuona labda nitaanguka, akamshika shati mtu pekee aliyekuja kunidaka. Baba yangu, aliyetoa kondoo. Na baba namtaja nikiwa nampenda, na bado namtaja. Mtoto wa miaka kumi aliyeona njaa hayumo. Nimemtoa.

Sasa nirudi msibani, maana sijamaliza. Wasifu ulipokwisha, kijana wa spika akatangaza kwamba watoto wa kikundi watamuaga mwalimu wa waalimu. Wakaja watoto watano, na kocha wao wa sasa, kijana anaitwa Jilala, ana filimbi. Hata filimbi nadhani ni ile ile. Wakajipanga kando ya kaburi, pale mafundi walipobakiza kokoto na vipande vya matofali. Mnara ukapanda. Juu kabisa akapanda kasichana ka miaka tisa au kumi, kana nywele fupi, magoti meupe kwa vumbi. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na kokoto.

Nikamtafuta Jilala kwa macho. Alikuwa mbele, anawatazama watu.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka mama wa pembeni akinivuta kanga, "Mama Shija, unakwenda wapi, kaa chini." Mkono wangu wa kulia haupandi juu ya bega tangu Segese. Lakini mgongo wa mtoto anayeshuka hauko juu ya bega. Nikasimama kwenye kokoto, nikakunja magoti, nikanyoosha viganja.

"Mama, toka hapo, unaharibu," Jilala akasema kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa ajili ya watu.

"Piga filimbi yako," nikamwambia. "Mimi sitoki."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mbiti huyo," na wengine wakacheka msibani. Kwenye kiti cha mbele Masele aliinua fimbo yake kunionyesha nikae. Nilimtazama yeye, mwili mzima, mpaka akaishusha.

Ngoma zikanyamaza. Kasichana kakaruka.

Kalikuja kafupi. Kiuno kilichelewa, nilikiona kinachelewa, jinsi ambavyo Maduhu lazima alikiona changu kila siku. Viganja vyangu vikamkuta, kimoja kizuri na kimoja cha kuazima, nikaenda naye chini, nikamalizia ile nusu. Magoti yangu yalilia kama mlango. Miguu yake ikagusa kokoto, akasimama wima, mikono juu, watu wakampigia makofi.

Akageuka. Alikuwa amekunja uso, na machozi ya hasira yanamlengalenga.

"Ningeweza mwenyewe," akaniambia.

"Najua," nikasema. "Umekula leo?"

Akatazama upande wa Jilala kwanza. Halafu akatikisa kichwa, hapana.

Nikamshika mkono mbele ya watu wote, nikampitisha kando ya kaburi la Lutonja, tukaenda kwenye ile sufuria. Jilala alikuwa anapuliza filimbi nyuma yetu, anawaita watoto warudie mchezo. Wakarudie na nani, wakati wa juu ninaye mimi. Jirani akatupakulia bakuli moja, vijiko viwili. Mtoto alikula kwa pupa kwanza, akaacha kidogo, akaniona nimeshika kijiko siendelei.

"Mbona huli?"

Michembe ilikuwa ya moto, karanga zimeganda juu. Nikala.